Siku Kumi, Noah Moja na Mama Mwenye Magoti

Swali: "Habari kaka. Tunaishi Dar, tuko watano: mimi, mume wangu, watoto wawili (miaka 14 na 9) na mama mkwe wa miaka 67 ambaye magoti yanamsumbua. Shule zikifunga Desemba tutakuwa na siku kumi. Simba tumeshawaona. Safari hii tunataka milima, maziwa na miji midogo yenye baridi huko Nyanda za Juu Kusini. Gari letu ni Noah. Nimeorodhesha Mikumi, Udzungwa, Isimila, Ruaha, Njombe, Kitulo, Ngosi, Kimondo cha Mbozi, Matema na maporomoko ya Kalambo. Mume wangu anasema inawezekana. Kweli inawezekana?"

Inawezekana, dada yangu, kama mnachotaka ni kupiga picha vibao vya barabarani. Vituo kumi kwa siku kumi maana yake kila asubuhi mnafunga mizigo, kila jioni mnasaka gesti, na katikati mtoto wa miaka tisa anauliza kama bado mbali. Nimeongoza wageni huku kwa miaka kumi na saba. Familia nilizoziona zikinuniana safarini, nyingi zilinuniana Makambako, siku ya nne, saa kumi jioni, chakula cha mchana kikiwa bado hakijaliwa.

Kwa hiyo naanza kwa kukata. Ruaha itoke. Ni hifadhi kubwa na nzuri, ila ni ya wanyama, iko zaidi ya kilomita mia moja kutoka Iringa mjini, na ukiipa siku moja unakuwa umeidhulumu na kujidhulumu. Kalambo itoke pia. Maji yale yanaanguka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja, lakini yako Rukwa, mpakani na Zambia, upande wa Ziwa Tanganyika. Wekeni safari ya Sumbawanga mwaka mwingine. Kimondo ni pande la chuma lenye uzito wa tani 12 hivi, na kulifuata kutoka Mbeya na kurudi kunakula nusu siku kwa dakika ishirini za kulizunguka. Mume wako akilililia, mwambie atalikuta, halijahama tangu lilipoanguka. Njombe ndiyo inayoniuma kuikata, maana naupenda mji ule, ila unawatoa kwenye njia kuu pale Makambako na baridi yake mtaipata kwingine bila kuzunguka.

Zinabaki sehemu tano za kulala: Mang'ula (mlangoni mwa Udzungwa), Iringa, Matamba (mlangoni mwa Kitulo), Tukuyu na Matema. Siku kumi zina usiku tisa. Hesabuni usiku, msihesabu kilomita, kwa sababu huku kusini kilomita zinadanganya. Iringa iko mita 1,500 na ushee juu ya usawa wa bahari, uwanda wa Kitulo unafika 2,600 na kuzidi, na Ziwa Nyasa liko chini kabisa, kwenye mita 475 hivi. Kutoka Kitulo hadi Matema ukikunjua ramani utaona vidole viwili tu, lakini mnateremka zaidi ya mita elfu mbili. Masikio yanaziba, breki zinapata moto, na mtu aliyeamka na koti zito analala akijipepea kwa kanga.

Sasa Desemba. Nyie wa Pwani mmezoea vuli na masika. Huku mvua ni moja, ndefu, inayoanza Novemba hivi na kuendelea hadi Aprili, na Tukuyu inaweza kuvuka hata hapo. Juni hadi Agosti ni kiangazi cha baridi: barabara ngumu, anga safi, lakini Kitulo inakuwa nyasi za kahawia na sakitu alfajiri. Maua yanakuja na mvua. Desemba yanachangamka, Februari yamefurika. Huwezi kupata maua ya Kitulo pamoja na barabara kavu ya Julai, kwa hiyo kwa kuchagua Desemba mmeshachagua maua, na matope yake. Jambo la kushukuru ni kwamba mvua za mwezi huo mara nyingi hupiga mchana na jioni. Kila kitu cha milimani kifanyike asubuhi, na saa nane mchana iwakute mnashuka au mmeshafika.

Ondokeni Jumamosi. Sababu iko Matema, nitaifikia.

Siku ya kwanza, Dar hadi Mang'ula. Tokeni saa kumi na mbili asubuhi. Kwa Noah iliyopakia watu watano na mizigo, hesabuni saa saba au nane pamoja na kula. Mume wako anajua habari ya tochi za trafiki za kupima mwendo: kila kijiji ni 50, na kuanzia Chalinze vijiji vinafuatana kama shanga. Barabara kuu inakatiza ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita kama 50, na hapo mtaona twiga, pundamilia, na mkibahatika tembo, bila kulipa kiingilio kwa sababu mnapita tu. Msishuke garini, msikimbize. Ukigonga mnyama unalipa, na bei zake zimeandikwa kwenye bango mwanzoni mwa hifadhi. Mpeni mtoto kazi ya kulisoma kwa sauti. Mkifika mji wa Mikumi mnakata kushoto kuelekea Kidatu na Ifakara, mnaingia kwenye mashamba ya miwa ya Kilombero, na upande wa kulia milima ya Udzungwa inasimama ghafla kama ukuta wenye msitu.

Laleni Mang'ula usiku mbili. Udzungwa ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1992 na haina barabara za magari ndani yake. Mnatembea kwa miguu pamoja na askari au mwongozaji, basi. Ndiyo maana kuna utulivu ambao huwezi kuupata kwenye foleni ya Land Cruiser za kaskazini. Maporomoko ya Sanje yana mita 170, na mzunguko wake unachukua asubuhi nzima ya kupanda na kushuka ngazi za udongo na mizizi. Baba na watoto waende. Wa miaka tisa ataweza kama ni mtembeaji, wala hatachoka kabla ya baba yake. Huko juu wanaishi mbega wekundu wa Udzungwa, pamoja na tumbili mmoja wa kijivu aitwaye mangabe wa Sanje, ambaye dunia ya sayansi ilimjua mwaka 1979 tu na hapatikani nje ya milima hii. Mama mkwe asipande Sanje. Kuna njia fupi karibu na geti inayokwenda kwenye maporomoko madogo yaliyopewa jina la Prince Bernhard. Kwa mwendo wa mtu mwenye fimbo ni safari ya taratibu, na mbega huwa wanamfuata mtu palepale juu ya miti.

Hili nalisema kwa safari yote: mgawanyike. Familia nyingi zinamburuza mzee mpaka kwenye kila kilele kwa kuona haya kumwacha, au zinawanyima watoto kilele kwa sababu ya mzee. Kila kituo katika orodha yangu kina kitu cha miguu migumu na kitu cha miguu laini. Jioni kila upande unakuwa na la kumsimulia mwenzake.

Siku ya tatu mnarudi Mikumi na kushika njia ya Iringa. Baada ya mlima wa kwanza mnatumbukia bonde la mibuyu kandokando ya Mto Ruaha Mkuu, mibuyu mingi kiasi kwamba mtoto akianza kuihesabu ataacha mwenyewe. Ruaha Mbuyuni nunueni vitunguu mkiwa mnarudi, si mkiwa mnaenda, la sivyo gari zima litanuka siku nane. Kisha mlima wa Kitonga wenye kona kali. Kupanda hakuna shida zaidi ya uvumilivu. Malori yanatambaa, na jaribu la kuyapita kwenye kona ndilo linaloua watu pale. Kaeni nyuma ya lori, fungueni madirisha, tazameni bonde. Gari ikianza kuchemka, egesheni sehemu pana na msifungue rejeta ikiwa ya moto.

Iringa usiku mmoja. Mji wenyewe uko juu ya kilima na unapendeza kutembea jioni. Soko lake lina vikapu vya kusuka ambavyo mama atavitaka. Ulanzi, pombe ya mianzi, huanza kugemwa mvua zikianza. Ukiwa wa asubuhi ni mtamu kama juisi, ukiwa wa jioni ni habari nyingine, na dereva hahusiki. Isimila iko kama kilomita 20 kutoka mjini, kwenye barabara ya kwenda Mbeya, kwa hiyo ni ya kupitia siku ya nne asubuhi na mapema. Zana za mawe za watu wa kale ziko juu, karibu na pale pa kuegesha, na hizo mama ataziona. Kushuka korongoni kwenye nguzo za udongo zilizochongwa na maji ni mwendo wa mteremko, watoto watashuka. Mkifika saa moja asubuhi, saa tatu mko barabarani.

Hapo sasa ndipo penye kufikiriwa sawasawa.

Kitulo ina milango zaidi ya mmoja, lakini kwenu njia ni Chimala kwenda Matamba. Chimala ni mji wa malori na mpunga wa Usangu, hamtaukumbuka. Kutoka hapo barabara ya udongo inaukwea ukuta wa safu ya milima kwa kona ambazo wenyeji wamezihesabu, na jina la barabara ni hesabu hiyo: Hamsini na Saba. Msipande na Noah. Mume wako atasema ameona Noah ikipanda. Hata mimi nimeziona. Nimeziona pia zikishuka kinyumenyume, abiria wote wameshuka na wanasukumia mawe chini ya matairi. Kiangazi ni suala la ujasiri. Desemba, baada ya mvua ya usiku, ni suala la utelezi, na utelezi haumjui jasiri. Iacheni Noah Chimala kwenye uwanja wa gesti yenye mlinzi, kodini mkonga, yaani Land Cruiser ya kazi, wa pale pale pamoja na dereva wake anayepanda kona hizo kila wiki. Elewaneni bei kabla hamjapakia mizigo: kupanda, kulala, kuzunguka uwandani asubuhi, kushuka. Mafuta ni ya nani, chakula cha dereva ni cha nani. Yote hayo mseme mkiwa chini.

Kosa langu mwenyewe nalisema ili msilirudie. Miaka ya mwanzo nilichelewa uwandani na wageni waliokuwa hawataki kuondoka. Tukaanza kushuka saa kumi na mbili jioni, na ukungu ukatukuta kwenye kona ya kumi na kitu. Taa za gari ziliugonga ukungu zikarudi kutumulika sisi. Mgeni mmoja, mama wa makamo, alishuka akatangulia kwa miguu na tochi ya simu, mkono wake wa kushoto ukiupapasa ukingo wa mlima, na mimi nikamfuata kwa gia ya kwanza nikiuona mwanga wake tu. Tulifika. Tangu siku hiyo saa nane ikigonga napiga honi.

Matamba laleni usiku mmoja. Gesti zake ni za kawaida kabisa: kitanda, blanketi mbili, maji ya moto kwenye ndoo. Ombeni blanketi ya tatu kwa mama mapema, wageni wengine wasiwatangulie. Ofisi ya hifadhi iko hapo hapo, lipieni jioni ile na kupanga mwongozaji, ili asubuhi saa kumi na mbili muwe mnaondoka.

Na asubuhi ile ndiyo safari yenyewe. Wenyeji wanaiita Kitulo Bustani ya Mungu. Ilipotangazwa mwaka 2005 ilikuwa hifadhi ya kwanza ya taifa katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Ina kilomita za mraba 413 hivi, aina karibu 350 za mimea, na kati ya hizo aina 45 ni okidi. Lakini mkishuka garini msitegemee zulia la rangi kama la kwenye mabango. Desemba mtaona nyasi za kijani zinazopepea mpaka upeo wa macho, na kwa mbali madoa: meupe huku, manjano kule, mashina marefu yenye kichwa cha rangi ya moto. Watoto watasema, "Maua yenyewe ndiyo haya?" Subirini. Mwambieni wa miaka tisa apige magoti. Okidi nyingi za pale ni fupi, haziyafikii magoti ya mtu mzima, na ua moja linaweza kuwa dogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Ukilisogelea unakuta lina mdomo, ndevu na madoadoa ndani, kama uso wa mdudu. Ukishaliona la kwanza, macho yanafunguka, unagundua umesimama katikati ya mia. Nimewaona watu wazima wakitembea hatua kumi kwa nusu saa.

Ambacho hakiandikwi kwenye vipeperushi ni hiki: maua haya yalikuwa yanaliwa. Okidi hizi zina viazi vidogo chini ya ardhi, na upande wa Zambia viazi hivyo hupikwa chakula kiitwacho chikanda. Biashara ya kuvichimba na kuvivusha mpaka iliumaliza uwanda kwa magunia, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuuwekea ulinzi. Kwa hiyo mtoto asichimbe hata kimoja cha kupeleka nyumbani. Mwongozaji atamkemea, na atakuwa sahihi.

Mama hapa hana kizuizi. Uwanda ni tambarare, gari linafika, naye anaweza kukaa kwenye kigoda pembeni ya njia na kuzungukwa na maua. Chukueni kigoda, nasema kweli. Jua la urefu ule linaunguza hata kama mtu anasikia baridi, basi kofia kwa wote. Kichwa kikimgonga yeyote, maji na kupumzika, asipokaa sawa mnashuka. Kama mama ana presha, aonane na daktari wake kabla ya safari na amtajie huo urefu wa mita 2,600.

Saa nane mnaanza kushuka, mnachukua Noah Chimala, mnapita Uyole na kukata kushoto kwenda Tukuyu. Lami nzuri, kona nyingi, na malori ya Malawi. Mtafika jioni, pengine na mvua. Tukuyu bila mvua ni kama Zanzibar bila karafuu.

Tukuyu usiku mbili, na siku moja tu kamili ambayo mtataka iwe tatu. Ndiyo mji mdogo wa orodha yenu. Uko begani mwa Mlima Rungwe, volkano iliyolala ya mita 2,960, umezungukwa na chai, migomba na maparachichi. Wajerumani waliweka makao yao hapa wakaita Neu Langenburg, jina ambalo halikudumu. Kwenye msitu wa mlima huo wanaishi kipunji, kima ambao wawindaji wa Kinyakyusa waliwajua siku zote, lakini wanasayansi waliwatangaza mwaka 2005. Msiwawekee tamaa ya kuwaona, ni waoga na wako mbali juu.

Ziwa Ngosi ni kwa baba na mkubwa. Mnaingilia kijijini upande wa barabara kuu kabla ya kufika Tukuyu, mnachukua mwongozaji wa pale, mnapita msitu wenye mianzi, na mwisho kuna mpando mkali ambao Desemba ni matope matupu. Viatu vya soli yenye meno, si raba za shule. Ukifika ukingoni, ziwa liko chini yako ndani ya shimo la volkano, kijani kibichi, kuta zimelizunguka pande zote. Waongozaji hupenda kusema lina umbo la ramani ya Afrika. Mimi baada ya safari nyingi bado nalazimika kukunja shingo. Ukungu ukiwa umeziba, kaeni mle karanga. Mara nyingi unafunguka kwa dakika tano, unafunga tena. Kushuka hadi majini msikubali, hata mwongozaji akiwa tayari.

Siku hiyo hiyo wewe, mama na mdogo nendeni Ziwa Masoko. Ni ziwa la volkano pia, dogo, la duara, na uzuri wake ni kwamba gari linafika ukingoni. Pana jengo la mawe la enzi za Wajerumani, na wazee husimulia kwamba askari wao walipokimbia wakati wa Vita Kuu ya Kwanza walitupa mali zao ziwani. Kuna watoto watakaowauzia sarafu za zamani. Nyingine ni za kweli. Nunueni moja kwa raha ya hadithi, si kwa uwekezaji. Mchana kutaneni wote Daraja la Mungu, jiwe la volkano lililolala juu ya Mto Kiwira kama daraja lililojengwa na fundi. Halafu mkale ndizi mbalaga zilizopikwa na nyama, kwenye mgahawa wowote wenye watu wengi.

Ijumaa mnateremka Matema. Kwa mvua msijaribu njia za mkato kupitia vijijini. Shikeni lami ya Kyela, pale Kikusya mkate kushoto, kama kilomita 39 kupitia Ipinda mpaka ziwani. Njiani migomba inapungua, inakuja michikichi na mikakao, na mashamba ya mpunga wa Kyela. Nunueni mchele Ipinda, siyo Dar kwa jina la Kyela. Kisha milima ya Livingstone inaingia moja kwa moja majini, na pembeni yake ndiyo Matema.

Sasa sababu ya Jumamosi. Mwendo mfupi mashariki ya ufukwe kuna kijiji cha Lyulilo, na Jumamosi ndiyo siku ya soko la vyungu. Wanawake wa Kikisi wanafinyanga kwa mikono upande wa Ikombe, wanavileta kwa mitumbwi, na alfajiri mchanga wote unajaa vyungu vilivyopangwa kwa ukubwa, vyekundu, vimechorwa kwa rangi nyeupe shingoni. Wachuuzi wa Mbeya wanavigonga kwa kifundo cha kidole kusikiliza: chungu kizima kinalia, chenye ufa kinanyamaza. Mama atajua kuliko nyie wote, mwacheni achague. Funikeni kwa nguo chafu za safari, vyungu vidogo ndani ya vikubwa, viti vya nyuma chini.

Ziwa Nyasa lina kina cha mita 700 na kitu, maji yake meupe kiasi kwamba utaona miguu yako, na kwenye miamba wanaogelea samaki wadogo wa rangi wanaouzwa duniani kwa wafuga samaki wa majumbani. Kuogelea sawa, asubuhi, mbele ya nyumba za wageni ambako wenyeji wanaogelea. Mbali na midomo ya mito, kuna mamba. Kichocho kipo ziwani humu, basi jikausheni vizuri mkitoka, na mkirudi Dar wiki kadhaa baadaye pimeni. Mtumbwi wa kwenda Ikombe ni asubuhi tu, kwa sababu mchana upepo unapoamka ziwa linakuwa bahari. Na hapa mmetoka baridini mkaingia kwenye mbu wa kweli. Chandarua kikaguliwe kabla ya kulipia chumba, na muulizeni daktari kuhusu dawa za kinga mapema. Jioni kuleni mbasa na wali. Mkiona kama moshi mnene unapanda katikati ya ziwa, hakuna kinachoungua. Ni vijidudu, mabilioni, vinazaliwa majini na kupeperushwa kama wingu.

Jumapili tokeni alfajiri mlale Iringa, ni mwendo wa siku nzima. Jumatatu Dar. Kitonga safari hii mnashuka: gia ya chini tangu juu, msiache gari iende kwa breki peke yake. Mkisikia harufu kama ya mpira unaoungua na hakuna lori karibu, ni yenu, simameni.

Gharama nitakupa namna ya kuhesabu. Mzunguko huu ni kama kilomita 2,100. Noah inayokwenda kilomita tisa au kumi kwa lita itataka lita 210 hadi 235. EWURA, mamlaka inayosimamia mafuta, hutangaza bei Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, pigeni hesabu hapo. Mkonga wa Kitulo ndio utakaofuata kwa ukubwa. Viingilio kwa raia ni vidogo, ila bebeni vitambulisho vya taifa, bila hivyo mnaweza kutozwa kama wageni. Hifadhini malipo ni kwa kadi au namba ya malipo kwenye simu, si taslimu mkononi. Kinyume chake, Matamba na Lyulilo taslimu ndiyo lugha, na mtandao wa uwandani unakuja na kupotea, toeni pesa Iringa au Chimala. Wekeni vyumba mapema Tukuyu na Matema kama mtasogea karibu na Krismasi, kwa sababu Wanyakyusa wa Dar nao wanarudi kwao.

Uliniuliza pia, mwishoni mwa ujumbe wako, kama treni ya TAZARA ingefaa badala ya gari. Inapita palepale chini ya Udzungwa na kukwea hadi Mbeya, na kwa watoto ni starehe isiyosahaulika. Lakini ratiba yake haibebi familia yenye siku kumi kamili na mzee. Panda nayo siku utakayokuwa na wiki mbili.

Mkifika Chimala siku ile ya nne, kabla hamjapakia chochote kwenye mkonga, muulize dereva kama jana mvua ilinyesha Matamba na saa ngapi. Akijibu haraka, pandeni. Akianza kutazama mlima kabla ya kujibu, laleni Chimala mpande saa kumi na mbili asubuhi, na usiku huo mmoja uliopotea uukate Tukuyu, usiukate Matema.